Shahada ya masomo ya kale na dini: aliyetoka HKL na madrasa aanzie wapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita Tanga, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na madrasa nimesoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, mpaka kuimaliza Ajurumia. Nimepata nafasi Canada, shahada ya miaka minne ya masomo ya kale (Ugiriki na Roma) pamoja na masomo ya dini, na chuo kinafunguliwa Septemba. Sijawahi kusoma Kigiriki wala Kilatini. Nianze na lugha ipi, na nijiandae vipi kwa wiki zilizobaki? Baba anahofia masomo haya yatanitoa kwenye dini. Na mwisho wake kuna kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la lugha, maana hilo ndilo linalowaangusha wengi kwenye shahada hii. Anza na Kigiriki, kile cha Athene ya karne ya 5 na ya 4 KK, na ukianze muhula wa kwanza. Sarufi peke yake inakula mihula miwili. Mingine miwili inakwenda katika kusoma matini halisi kwa mwendo wa kinyonga, mistari 15 hadi 20 kwa kikao. Anayekisogeza mpaka mwaka wa tatu anahitimu wakati ndiyo kwanza anaanza kuweza kusoma. Mshauri wa masomo anaweza kukwambia lugha si lazima, na huenda kwa kanuni za chuo akawa sahihi: vyuo kadhaa vinakuruhusu kumaliza ukisoma kila kitu kwa tafsiri ya Kiingereza. Lakini ukitaka kuendelea mpaka uzamivu wa masomo ya kale utadaiwa Kigiriki na Kilatini vyote viwili, na mwaka wa kuvitafuta utaulipia mwenyewe.

Kilatini nacho kina hoja zake. Ndiyo lugha ya Tertullian wa Carthage na Augustine wa Hippo, waandishi wa Kikristo na Waafrika wote wawili, na ndicho kilichobeba sheria za Roma. Ila wewe unasoma na dini, na Kiarabu tayari umekionja. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Tiba na falsafa zilizotafsiriwa Baghdad karne ya 9 na akina Hunayn ibn Ishaq zilitoka kwenye Kigiriki, mara nyingi kwa kupitia Kisiria. Mwenye Kigiriki na Kiarabu pamoja anaingia kwenye uwanja wenye kazi nyingi na watu wachache. Kilatini kianze mwaka wa pili. Usizianze zote mbili mwaka mmoja, kwa sababu viambishi vya mwisho vitakuchanganyikia kichwani na utavurunda mitihani yote miwili.

Utakuta pia chuo kinatoa kozi mbili za Kigiriki, moja ya Athene na nyingine ya Agano Jipya, na wenzako watakwambia ya pili ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi. Chukua ya kwanza. Aliyezoea Plato akishuka kwa Injili ya Marko anasoma kwa raha. Aliyeanzia kwa Marko akijaribu kupanda kwa Plato, sembuse kwa mwanahistoria Thucydides, anakwama kwenye sentensi ya pili.

Sasa hiyo Ajurumia yako, ambayo naona umeitaja kwa kupita tu, ni mtaji mkubwa kuliko alama yoyote ya HKL. Kinachowatesa wanaoanza Kigiriki na Kilatini ni uhusika wa nomino: neno linabadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Wewe ulishafundishwa *dharaba Zaidun Amran*, na ukafundishwa kwamba hata ukisema *dharaba Amran Zaidun*, aliyepiga ni Zaidi yuleyule, kwa sababu yeye ni marfuu (mtenda) na Amri ni mansubu (mtendwa). Kilatini kinafanya hivyohivyo. *Dominus servum videt* ni bwana anamwona mtumwa. *Servum dominus videt* bado ni bwana anamwona mtumwa. Anayesoma kwa kufuata mpangilio wa maneno, kama ilivyo katika Kiingereza na mara nyingi katika Kiswahili, atatafsiri hiyo ya pili kinyume, na atarudia kosa hilo mpaka Desemba. Wewe macho yako yameshazoea kutazama mwisho wa neno. Tena huku kuna nafuu: mwisho huo umeandikwa kwa herufi kamili, hauachwi kwenye irabu ambazo mwandishi anaweza kutozitia.

Mahali mtaji huo unapoishia ni hapa. Kiarabu kina hali tatu za uhusika, Kigiriki kina tano, Kilatini sita. Marfuu ni nominativu na mansubu ni akusativu. Majruri inakaribiana na jenitivu, hali ya umiliki, lakini si katika kila matumizi. Dativu, hali ya anayepewa, ambayo Kiarabu huifanyia kazi kwa kihusishi *li* na majruri, utaianza upya, na ablativu ya Kilatini pia. Kwa upatanisho wa sifa na nomino usihangaike: mtu anayesema *vitabu vyangu vizuri vimepotea* bila kufikiri hawezi kushangazwa na lugha inayotaka sifa ifuate jinsi, idadi na hali ya nomino yake. Tofauti ni kwamba huko upatanisho unakaa mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni.

Kwa wiki ulizonazo, wiki mbili zitumie kwa alfabeti. Herufi ni 24. Ziandike kwa mkono, ndogo na kubwa, pamoja na alama za pumzi juu ya irabu za mwanzo, kisha usome kwa sauti ukurasa wowote hata kama huelewi neno. Lengo ni kwamba siku ya kwanza darasani usiwe unatafuta herufi. Muda unaobaki usijifundishe sarufi ya Kigiriki peke yako. Utajifunza makosa na kuja kuyafuta. Jifunze istilahi za sarufi ya Kiingereza, kwa sababu mhadhiri atafundisha kwa hizo na atadhani unazijua: sentensi rejeshi, kauli ya kutendwa, partisipo. Kisha soma kwa tafsiri: *Odyssey* yote, vitabu 24, utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, na Injili ya Marko, sura 16, kwa mkao mmoja.

Darasa likianza, tenga saa 10 kwa wiki kwa Kigiriki nje ya vipindi, ukizigawa kila siku. Saa 10 za Jumapili moja hazina faida. Maneno mapya 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, na kadi za zamani zirudiwe kila asubuhi. Kadi ya nomino iwe na kibainishi chake na jenitivu yake. Kadi ya kitenzi iwe na maumbo yake makuu yote sita. Hapa ndipo uvivu unapolipwa. Mwanafunzi anakariri *pherō*, nabeba, anaridhika. Baadaye anakutana na *oisō*, nitabeba, na *ēnenka*, nilibeba, na hana habari kwamba ni kitenzi kimoja. Anapekua kamusi chini ya herufi isiyo yake, dakika 20 zinakwisha kwa neno moja. Kilatini kina maumbo makuu manne, na kanuni ni ileile.

Msamiati wenyewe hautishi kama unavyodhaniwa. Katika Agano Jipya, maneno kama 310 yanayojitokeza mara 50 au zaidi yanabeba takriban asilimia 80 ya matini yote. Kwa waandishi wa Athene safari ni ndefu zaidi, lakini nako maneno 500 ya mwanzo ndiyo yanayofanya kazi kubwa.

Kilima halisi cha Kigiriki ni partisipo. Zinafika kati ya mwisho wa muhula wa kwanza na mwanzo wa wa pili, na hapo ndipo viti vinaanza kuwa wazi. Sababu si ugumu wa partisipo zenyewe. Partisipo ni kitenzi kilichovaa viambishi vya nomino, kwa hiyo inadai vyote viwili kwa wakati mmoja, na mtu aliyesoma mpango wa tatu wa nomino (kundi la tatu la viambishi vyake) kwa kukisia anaumbuka. Ukifika wiki ya tano hujashika mipango ya nomino, simamisha maneno mapya siku tatu, urudi nyuma uandike majedwali kwa mkono bila kutazama, mpaka yatoke. Muone mhadhiri saa zake za ofisini wiki hiyohiyo. Huko si aibu; saa hizo zimewekwa kwa ajili hiyo.

Ukianza kusoma matini, utakutana na vitabu vya Loeb, vya kijani kwa Kigiriki na vyekundu kwa Kilatini, matini upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia. Ni vitabu vizuri na ni mtego. Jicho huvuka kwenda kulia lenyewe, na baada ya mwezi unadhani unasoma Kigiriki kumbe unasoma Kiingereza. Soma tafsiri ya aya mara moja, ifunge, kisha fanya kazi na matini tupu na kamusi. Kamusi kubwa kadhaa ziko bure kwenye Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago, na matini ziko Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts. Usiandike maana juu ya maneno. Andika tafsiri kwenye daftari lingine. Programu za kutafsiri zitakupa Kiingereza laini kabisa, na chumba cha mtihani kitakupa aya usiyowahi kuiona, bila programu.

Sasa dini. Masomo ya dini hayafundishi uwe mchungaji wala ustaadhi, na hayafundishi kuacha dini pia. Kazi yake ni kueleza watu wanafanya nini, wanasema nini, na kwa nini, kwa ushahidi ambao msomaji wa imani yoyote anaweza kuukagua. Fanya zoezi hili kabla hujaondoka. Weka Sura Yusuf, aya zake 111, kando ya Mwanzo 37 hadi 50. Orodhesha kilichoko huku kisichoko kule. Katika Qur'ani kanzu imechanwa kwa nyuma na hiyo inakuwa ushahidi wa kumsafisha Yusuf. Katika Mwanzo vazi linabaki mkononi mwa mwanamke na linatumiwa kumshitaki. Wanawake waliojikata mikono wako katika Qur'ani, hawako katika Mwanzo. Mwanzo nayo inakatisha kisa kwa sura nzima ya Yuda na Tamari. Kisha andika kurasa mbili ukieleza kila matini inataka msomaji wake aone nini, bila kutoa hukumu ipi ndiyo sahihi. Ukimaliza kurasa hizo bila kuhukumu, umeshaelewa somo. Ukishindwa usijilaumu, wengi wanahitaji muhula mzima.

Mfano wa mahali masomo yako mawili yanapokutana ni barua ya Pliny Mdogo kwa mfalme Trajan, kitabu cha 10, barua ya 96, ya mwaka 112 hivi. Pliny alikuwa gavana wa Bithynia na Pontus, kaskazini mwa Uturuki ya leo. Ameletewa watu walioshitakiwa kuwa Wakristo na anasema hajawahi kuhudhuria kesi za namna hiyo. Anawauliza hadi mara tatu, anayeng'ang'ania anauawa, na aliye raia wa Roma anapelekwa Roma. Wanaokana wanatakiwa kuomba miungu, kutoa ubani na divai mbele ya sanamu ya mfalme, na kumlaani Kristo. Waliowahi kuwa Wakristo wanaeleza kwamba walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama mungu, na wakaapa kutoiba, kutozini na kutovunja amana. Ili kuhakikisha, Pliny anawatesa wajakazi wawili wenye huduma katika kundi hilo, na anasema hakupata ila imani potofu.

Anayeandika insha ya alama C atasimulia barua hiyo kama nilivyoisimulia. Ya alama A inauliza maswali. Nani anasema? Gavana anayemwandikia mkubwa wake, kwa hiyo ana sababu ya kuonekana mwangalifu. Habari za ibada zimetoka kwa nani? Kwa watu waliojitoa, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuwaua, na kwa wajakazi walioteswa. Mwishoni Pliny anataja kwamba mahekalu yaliyokuwa karibu kuachwa yameanza tena kujaa, na nyama ya sadaka imepata wanunuzi. Kwa nini gavana anaandika habari za nyama? Labda mashitaka yalianzia sokoni. Trajan, katika jibu lake la barua ya 97, anasema wasitafutwe na mashitaka yasiyo na jina yasipokelewe. Kama ni wahalifu, mbona wasitafutwe? Tertullian mwenyewe aliuliza hivyo mwishoni mwa karne hiyohiyo. Insha yako ikae hapo, kwenye yale ambayo mwandishi hakukusudia kukwambia.

Mtihani wa ufafanuzi wa aya unafuata njia hiyohiyo. Unapewa mistari sita au saba na dakika 15 au 20. Taja mwandishi, kazi, na mahali aya inapokaa katika kazi hiyo. Sema ni aina gani ya maandishi na yalimlenga nani. Kisha chagua vitu viwili au vitatu ndani ya mistari yenyewe uvieleze. Wanaofeli wanaandika yote wanayoyajua kuhusu mwandishi na hawaigusi aya. Katika marejeo usitaje ukurasa wa tafsiri uliyonayo, maana mwenzako ana chapa nyingine. Plato anatajwa kwa namba za kurasa za chapa ya Stephanus ya mwaka 1578. Mfano wa pango uko *Jamhuri* 514a, katika chapa yoyote duniani. Homer ni kitabu na mstari. Qur'ani na Biblia unajua.

Kuhusu mzee wako, mwambie ukweli wote. Hakuna mhadhiri atakayekuuliza unaswali au huswali, na maksi hazitolewi kwa imani. Lakini utasoma Qur'ani ikichunguzwa kama maandishi ya kihistoria, kama utakavyosoma Biblia. Kwa mfano, mwaka 2015 ilitangazwa kwamba ngozi ya karatasi mbili za Qur'ani zilizoko Birmingham ilipimwa kwa kaboni, na umri wake ukaangukia kati ya miaka 568 na 645. Darasani mtajadili kwamba kipimo kinahusu ngozi, hakihusu wino. Nyumbani mtu anaweza kulichukua kama ushahidi wa kuthibitisha au wa kukanusha. Darasani ni swali la mnyama alichinjwa lini na maandishi yaliwekwa lini. Kama mjadala wa namna hiyo unamkosesha mzee usingizi, afadhali ajue kabla ya kulipa ada kuliko baada.

Utasoma pia nadharia: Durkheim, Weber, Mary Douglas. Zisome, ila beba na ubishi wa kwetu. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere, alichapisha mwaka 1969 kitabu cha dini na falsafa za Kiafrika kinachosomwa hadi leo vyuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Okot p'Bitek wa Uganda akamshambulia yeye na wenzake kwamba wameivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ikubalike kwa wazungu. Kwa mtu anayesoma Kigiriki na dini kwa pamoja, hakuna ugomvi unaomhusu zaidi ya huo. Mimi namwona p'Bitek ana haki kwenye mbinu na amezidisha kwenye hukumu, lakini soma uamue.

Mpangilio wa miaka ni mwepesi. Shahada ya miaka minne huko kwa kawaida ni krediti 120, kozi tano kwa muhula. Mwaka wa kwanza: Kigiriki, historia ya Ugiriki na Roma, utangulizi wa dini. Wa pili: kusoma Kigiriki, kuanza Kilatini, na kozi ya mbinu za kuchunguza dini. Wa tatu ni semina. Kiarabu omba mtihani wa kukupanga, na uwaambie wazi kwamba unasoma kwa nahau ila huongei, la sivyo watakuweka na wanaoanza alifu.

Mwaka wa nne ni tasnifu, na mada moja nakupa bure. Kuna mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, uitwao *Periplus*, ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 na mtu asiyejulikana jina. Sehemu ya 15 hadi ya 18 zinahusu pwani yako: kisiwa cha Menuthias, ambacho wengine wanadhani ni Pemba, wengine Unguja au Mafia, na soko la Rhapta, ambalo mahali pake panabishaniwa hadi leo. Zinataja pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, na manahodha Waarabu kutoka Muza, bandari ya Yemen, waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Sarufi yake si ngumu. Ugumu uko kwenye majina ya bidhaa na kwenye makosa ya mnakili, kwa sababu matini yote inategemea nakala moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg. Wengi walioiandikia hawajui pepo za kaskazi na kusi ila kwa kuzisoma.

Kazi ipo, lakini haiitwi kwa jina la shahada. Wahitimu wanakwenda makumbusho, maktaba, uhariri, sheria na ualimu. Barani kwetu idara za masomo ya kale ziko Ibadan (Nigeria), Legon (Ghana) na Zomba (Malawi), miongoni mwa nyingine, na nafasi zake ni chache. Ukikusudia kufundisha sekondari Tanzania, shahada hii peke yake haitoshi: utahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu na somo la kufundishia, kwa hiyo hakikisha kozi zako za historia zinaonekana wazi kwenye transkripti. Tunza pia maelezo ya kila kozi uliyosoma, yenye mada na idadi ya saa, tangu muhula wa kwanza. Ukirudi, shahada itapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kutambuliwa, na kuandika Canada kuomba karatasi za miaka minne iliyopita kunachukua muda.